Ndoo ya Udongo wa Luofu

Ndani ya taksi iliyotoka Butembo kwenda Beni, Keren alikuwa amepakata ndoo ndogo ya udongo wa Luofu. Papa Zorobabel, muuza viazi mwenye mguu uliofungwa bandeji, aliitazama, kisha akamgeukia Keren.

"Mama, Beni hapana udongo?"

"Iko, Papa. Hii ninapeleka mu laboratoire. Ndani muko tududu twenye kutengeneza dawa ya kuua microbes."

"Na dawa ulishapata?"

"Miaka ine nimepima udongo mia tatu. Nilipata dawa moja, lakini ilikuwa ile ile yenye iko mu pharmacie."

"Donc ungeniuliza. Ningekuonyesha pharmacie."

Abiria wa nyuma walicheka. Keren alimeza hasira. "Microbes zimezoea ile ya pharmacie, juu batu banakunywa vidonge mbili, banaacha."

"Mie nilikunywa tatu," Papa Zorobabel alisema kwa fahari. "Zenye zilibakia nilipatia mbuzi."

"Na mguu?"

"Mbuzi alipona." Aliitazama bandeji yake. "Ile dawa yako mupya itatoka lini?"

"Nikibahatika, miaka kumi."

Taksi ikasimama Beni. Papa Zorobabel alishuka akichechemea, akapokea ndoo kutoka kwa Keren kwa mikono miwili, akaitua chini taratibu sana.

"Beba muzuri, Mama," alisema. "Lakini ile miaka kumi, mie naikatala. Mguu haiwezi kuingojea."