Tango Lisilosikika

Benchi liko nyuma ya kibanda cha kahawa, sokoni katika mji wa Iisalmi, upande ambao upepo wa ziwani haufiki. Jumamosi ile walikuwapo watatu wa kila siku. Reijo, aliyestaafu kazi ya nyaya za simu, huitwa Waya. Pentti huitwa Kamati, maana kila jambo kwake linataka kikao. Tauno ni Methali. Katikati yao ilikaa kompyuta ya Orvokki, inayopiga muziki kwenye banda la dansi bendi ikipumzika. Jioni hiyo bendi haikuwapo kabisa. Mpiga kodiani alikuwa na homa. Dansi ni saa kumi na mbili. Masika watengenezaji walitangaza kwamba kompyuta za aina hiyo hazitahudumiwa tena, na jana Waya aliufuta mfumo wa zamani akaweka mwingine, wa bure. Tangu hapo nyimbo za tango, ile dansi ya wawili wawili, zinaonekana zikienda kwenye skrini, lakini sauti hamna. Orvokki alisimama mbele yao na chupa yake ya kahawa.

WAYA: Shemeji, tulia. Mfumo ni mzima. Ni sauti tu.

ORVOKKI: Sauti tu? Kwani watu wanakuja kucheza skrini?

WAYA: Nipe dakika ishirini.

ORVOKKI: Hizo ulizichukua jana, Reijo. Hujazirudisha.

KAMATI: Nilisema toka mwanzo, weka toleo ninalotumia mimi.

WAYA: Lile lililoua printa ya kanisa?

KAMATI: Printa ilikuwa mgonjwa kabla!

METHALI: Jamani, debe tupu haliachi kuvika.

ORVOKKI: Linaingiaje hapo?

METHALI: Hii imenyamaza. Basi imejaa. Tufute nyimbo kidogo.

ORVOKKI: Gusa wimbo wangu mmoja uone.

Aliwamiminia kahawa, kwa hasira, lakini aliwamiminia.

KAMATI: Hiki ni kisasi. Ukiutoa mfumo wao, kiwanda kinaikata ulimi huko huko kiliko.

WAYA: Kwa njia gani, na mtandao nimezima?

KAMATI: Wanapita kwenye umeme. Kwa nini unadhani chaja inapata moto?

METHALI: Mimi naishuku flashi uliyowekea mfumo. Waya, uliinunua wapi?

WAYA: Melini.

METHALI: Meli ya wapi?

WAYA: Ya Uswidi.

METHALI: Ehee! Mswidi tangu lini akataka tango letu lisikike? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

ORVOKKI: Kompyuta haina guu, Tauno! Watu themanini wanakuja. Hata Aino, aliyewekewa goti jipya, anakuja kucheza. Nimwambie nini?

KAMATI: Tutumie simu.

ORVOKKI: Yangu ya vitufe. Lete yako, Reijo.

WAYA: Yangu nayo niliibadilisha mfumo juzi.

ORVOKKI: Inapiga muziki?

WAYA: Haiiti hata ikipigiwa.

Hapo alifika mwanamke mmoja mwenye mfuko wa njegere mbichi. Aliomba nafasi, akaketi pembeni, akaanza kumenya na kula. Jina lake Tyyne. Amehamia mjini majuzi. Alisikiliza mpaka njegere zikafika nusu.

TYYNE: Samahani. Kabla hamjaibadilisha, ilikuwa inapiga?

ORVOKKI: Miaka tisa. Haijawahi kukohoa.

TYYNE: Sasa mliibadilisha ya nini?

WAYA: Usalama, dada. Isipohudumiwa, wezi wa mtandaoni wanaingia wanavyotaka.

TYYNE: Huko bandani kuna mtandao?

Waya alitazama ziwa. Kamati alitazama ndani ya kikombe.

ORVOKKI: Jibuni. Mgeni ameuliza.

Waya alisogeza kikombe chake kuomba kahawa. Orvokki aliipindua chupa; lilidondoka tone moja. Akaifunika kompyuta, akaibana kwapani.

ORVOKKI: Saa kumi na mbili kamili, jukwaani. Wote watatu. Mtaimba.

WAYA: Kuimba, shemeji? Sisi?

ORVOKKI: Midomo mnayo. Nimeisikia tangu asubuhi.

METHALI: Tuimbe nini?

ORVOKKI: Tango.

WAYA: Tango lipi?

METHALI: La zamani.

WAYA: Yote ni ya zamani, bwana!

KAMATI: Hapo sasa panataka kikao.

Orvokki alikuwa ameshapanda baiskeli. Chupa tupu aliwaachia.