Nilivyomficha Mwalimu wa Yoga Mgongo Wangu

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Na wale ambao salamu yao ni nyingine, hamjambo. Kaeni, kaeni, mikeka inatosha.

Msimamizi wetu ameniomba niseme na nyinyi wageni kabla hamjaanza. Nikamuuliza, kwa nini mimi, na humu wamo watu waliosoma? Akanijibu: "Kwa sababu wewe umekosea kila kinachoweza kukosewa humu ndani." Nikasimama.

Nawaambia mapema: mkitaka nieleze yoga ni nini, sijui. Huu mwaka wa kumi na tatu naja hapa na bado sijui. Najua yaliyonipata, basi.

Shule niliiacha darasa la nne. Sikufukuzwa. Niliona watu wanatandaza waya wa simu, nikataka kujua unakwenda wapi, nikaufuata mpaka Mwera, na kesho yake sikurudi darasani. Ndivyo nilivyo. Nikiona watu wamekusanyika, na mimi nimo. Nimeanika karafuu mashamba, nimeuza kahawa, nimevunja kokoto, nimepaka rangi viti vya sinema. Hakuna kazi iliyonizoea. Mwisho nikawa hamali wa kuhamisha vyombo vya majumbani. Mnaikumbuka miaka ile baada ya Mapinduzi, mjini watu wengi walikuwa wakihama, na kila anayehama ana kabati.

Ngazi za nyumba za mawe mnazijua. Nyembamba, zinapinda, na giza. Siku moja kabati la msaji, mbao nzito kama chuma, liko mgongoni mwangu, mwenzangu yuko juu ameshika kamba, akapiga chafya. Kamba ikamponyoka. Kabati halikupasuka hata kioo. Mimi nililala ubavu chini ya ngazi, nikasikia mwenye nyumba anauliza: "Kioo kizima?"

Sasa hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Daktari alinitazama akasema mifupa mizima. Nikamuuliza, kama mizima, kinachouma ni nini? Akanipa vidonge. Mzee mmoja wa mtaa wa Amani akaniumika kwa pembe, ikatoka damu nyeusi, akasema, "Umeiona? Ndiyo hiyo iliyokuwa ikikuuma." Nikarudi nyumbani bado inaniuma. Bibi mmoja akanikanda kwa mafuta ya nazi ya moto mpaka nikanukia kama mkate wa kumimina. Nafuu hapana.

Miezi minne ikapita. Dada yangu mkubwa, ninayekaa kwake Jang'ombe, ndiye aliyekuwa akinivisha viatu. Mwanamume wa miaka thelathini na moja! Lakini hilo ningelivumilia. Lililonitoa machozi, ndugu zangu, ni kwamba sijda ilinishinda, kusujudu siwezi. Najua mgonjwa ana ruhusa ya kusali ameketi, chuo cha Kurani nilisoma kama nyinyi. Lakini nikiketi pale, wazee wa miaka sabini wakashuka na kuinuka kulia na kushoto kwangu, nilijiona kama mtu aliyekufa kuanzia kiunoni kwenda chini, na juu bado anadai yu hai. Nikaacha kwenda msikitini. Wakati ule nilichotaka duniani ni kimoja: paji la uso wangu lifike chini, na niinuke mwenyewe.

Siku moja napita uchochoro huu hapa chini, natembea ubavuubavu kama kaa. Nikatazama juu. Dirisha hili liko wazi, na ndani naona nyayo. Nyayo nane zinatazama dari, wenyewe siwaoni. Mtu mwenye akili angeendelea na safari yake. Mimi nikapanda.

Mwalimu wa siku zile alikuwa mzee wa Kihindi, fundi saa, mwembamba, mzaliwa wa hapa hapa. Hakuniuliza mengi. Aliniambia: "Njoo Jumatano baada ya alasiri. Vaa suruali pana. Chakula cha mchana kiwe kidogo na mapema, uje na tumbo jepesi."

Jumatano ikafika, na mtaani kwetu kukawa na khitma ya jirani aliyefariki. Nikasema nitakaa kidogo niondoke. Nyinyi mnajua, sinia la pilau likishawekwa mbele yako huondoki. Nikajaribu kusema nimeshiba. Mzee niliyekaa naye sinia moja akanitazama: "Umeshiba wapi, na marehemu alikuwa jirani yako?" Nikala. Kila nikipumzika ananisogezea kipande cha nyama. Nikatoka pale mbio, na kanzu yangu ya khitma, ndani yake kikoi. Suruali sikuikumbuka kabisa.

Tulikuwa watu kumi. Kabla ya lolote mwalimu akauliza: "Nani ana maumivu? Mgongo, goti, shingo, kifua, aseme sasa." Mmoja akataja goti, mwingine bega. Akawapeleka kando ya ukuta wafanye mambo yao mepesi.

Mimi nikanyamaza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mgongo ndio ulionileta, halafu naulizwa mgongo, nanyamaza! Nafikiri ni ule ukuta. Nilipoona wanapelekwa pembeni, nikaona ndiyo yale yale niliyoyakimbia msikitini. Na mie hamali, nimebeba makabati ya mji mzima huu. Nikavuta pumzi, nikasimama katikati.

Pembeni yangu alikuwepo mzee, sharubu nyeupe tupu. Akainama akashika vidole vya miguu kama mtu anayeokota sindano. Nikasema moyoni, huyu hanishindi. Ndugu zangu, humu ndani hakuna mashindano, lakini nani aliniambia? Sisi watu tukifanya jambo moja kwa pamoja, tayari ni mashindano. Nikajilazimisha. Kitu kikaniwaka kiunoni kama kibiriti. Nikanyamaza tena.

Kisha tukaambiwa tulale chali tuinue miguu juu. Nikainua. Kanzu ikanishukia usoni, pilau ikanipanda kooni. Nimo gizani ndani ya kanzu yangu mwenyewe, sijui juu ni wapi na chini ni wapi, nasikia tu mtu ananong'ona kwa hofu: "Yakhe, kikoi! Kikoi chako! Kishike!"

Wewe wa nyuma cheka tu. Sasa hivi zamu yako.

Mwisho mwalimu akafunga nusu ya dirisha, akasema: "Sasa laleni kama maiti." Akapita akimfunika kila mmoja shuka jeupe, kwa sababu upepo wa hapa ni mkali na watu wana jasho. Nikageuza shingo nikaitazama safu ile. Watu kumi wamelala kimya chini ya mashuka meupe. Miaka ile, jamani, neno maiti halikuwa la mchezo. Tulikuwa tumeona. Bila kujijua nikaanza kutoa shahada kwa sauti.

Mzee wa sharubu akafungua jicho moja. "We, unakufa?"

"Sijui."

"Kama hufi, nyamaza. Tunapumzika."

Darasa lilipokwisha wote waliinuka, isipokuwa mimi. Mgongo ulikataa. Watu wanne walinishusha ngazi hii hii mliyopanda, mmoja juu, mmoja chini, wawili ubavuni. Nikawa mimi ndiye kabati. Nikapakiwa kwenye gari la kukokota, nikavuka nalo Darajani mchana kweupe, mpaka Jang'ombe.

Dada yangu alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Umekwenda kukunjuliwa, umerudi umekunjwa!" Barazani walishasema yao: eti nimeingia dini ya Wahindi. Dada akanijia na uji, akakaa, akauliza taratibu: "Hebu niambie kweli. Wamekwambia uabudu nini?"

"Hawakuniambia niabudu kitu, dada. Wameniambia nipumue."

"Hukujua kupumua mpaka ukavuka Darajani?"

Nikanywa uji. Nililala siku tano natazama makuti ya dari. Nilijua sasa ndiyo basi, sijda sitaiona tena.

Siku ya sita nikasikia hodi. Alikuwa mwalimu. Alikuja kwa miguu, peke yake. Siku zile mzee wa Kihindi hakuwa akiingia vichochoro vyetu hivi hivi. Nilisikia baraza zima limenyamaza alipopita. Dada akamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia "Marahaba, mwanangu," akavua viatu, akakaa juu ya mkeka karibu na kichwa changu.

"Niambie, uliumia lini?" akaniuliza.

"Jumatano, kwako."

"Jumatano uliumia tena. Nauliza mara ya kwanza."

Nikamweleza. Kabati, ngazi, chafya, miezi minne. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza saa.

"Niliuliza nani ana maumivu."

"Naam, uliuliza."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Nilinyamaza."

 Nilidhani atanigombeza. Akasema: "Basi tumekuumiza wawili. Mimi kwa kutokutazama vizuri, wewe kwa kunyamaza. Nimetengeneza saa miaka arobaini, sijapata kufungua saa ambayo mwenyewe ananiambia haina ubovu."

Ndugu zangu, nililia. Mpaka leo sijui kwa nini maneno ya saa yaliniliza. Tangu niumie, kila mtu alikuwa ameniambia ninaumwa nini. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka nimwambie mimi. Nikamwambia na lile la sijda, ambalo hata dada sikumwambia. Nikamuuliza pia, maana lilikuwa likinikera: "Mwalimu, hii ni dini?"

"Mimi nimeipata kwa babu zangu, pamoja na mambo yao mengine. Wewe una mgongo. Fanya ya mgongo. Ukiwa na shaka, kamuulize sheikh wako, si mimi."

Nilimuuliza sheikh baadaye. Akasema nisiabudu ila Mungu, na nisichelewe magharibi.

Siku ile mwalimu alinionyesha jambo moja tu: kulala chali, magoti yamekunjwa, mkono mmoja juu ya tumbo, na kupumua mpaka mkono upande na kushuka. Wiki mbili, asubuhi na alasiri. Dada yangu, kutoka mlangoni, akasema: "Ndiyo dawa yenyewe hiyo? Kulala? Huyu kulala hahitaji mwalimu."

Na mimi niliona hivyo hivyo. Nililala nikipumua huku nimechanganyikiwa. Vipi kutofanya kitu kuwe kazi? Lakini wiki ya pili nikageuka kitandani bila kupiga kelele. Nikarudi hapa, safari hii na suruali, na khitma nilipoalikwa nikaenda asubuhi kusaidia kuosha mchele ili wasinilaumu nikikosekana kwenye sinia. Mwalimu alipouliza nani ana maumivu, mkono wangu ulikuwa wa kwanza. Nikapelekwa ukutani. Ukutani ni pazuri, kuna upepo.

Nilikaa ukutani miezi saba. Wiki nyingine napata nafuu, nyingine narudi nyuma, na sababu siijui.

Siku moja, alasiri, nikaingia msikiti wa Kikwajuni nikasimama safu ya mwisho. Nikarukuu. Imamu akasema Allahu Akbar, watu wakashuka, na mimi nikashuka, magoti, mikono, nikangoja maumivu yanizuie pale pale pa siku zote. Sikuyakuta. Paji la uso likagusa mkeka. Nilikaa pale muda mrefu kupita imamu. Baada ya salamu, mtu wa pembeni akaninong'oneza: "Ulikuwa unaomba nini muda wote ule?"

Nikamwambia: "Nilikuwa sijui kama nitainuka."

Nikainuka, ndugu zangu. Mwenyewe.

Nawashukuru watu watatu. Dada yangu, ambaye alinivisha viatu na hakulisema hilo mbele ya watu hata siku moja. Mzee wa sharubu, aliyekaa nami ukutani ingawa goti lake lilikuwa zima. Na mwalimu, ambaye naye alihama kama walivyohama wengine, akatuachia mikeka na mashuka. Nilimshushia vyombo vyake kwa ngazi hii. Vidogo tu, vikubwa alinikataza.

Msiniulize mgongo ulipona kwa nini. Pengine ni pumzi, pengine ni muda, pengine ni kule kusema. Mungu ndiye ajuaye. Mkitaka funzo langu, ni hili: suruali, tumbo jepesi, usimtazame jirani, na ukiulizwa unaumwa wapi, sema.

Sasa mimi nakaa. Msimamizi atasimama awaulize, nani ana maumivu. Na nyinyi msinyamaze, kwa sababu nilikuwa mlangoni nikiwatazama mnavyopanda ngazi. Bwana wa shati la kijani, wewe umepanda kwa kushika ukuta. Anza wewe.