Tangi Lenye Sumu na Birika Lililojaa

Kijiwe chenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na bomba la mtaa. Asubuhi hiyo Shemeji alifika pale mbiombio, mtoto mgongoni, ndoo mkononi, roho juujuu. Wote walimwita Shemeji, maana mumewe, dereva wa malori, alikuwa mwenzao wa kahawa kabla hajasafiri. Mtoto aliharisha usiku kucha. Nesi alisema apewe maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, asije akakauka. Nyumbani hapakuwa na tone. Na bomba limepigwa kufuli, ufunguo unaning'inia shingoni mwa Komando, mlinzi wa bomba, ambaye vita alivisikia redioni tu.

— Komando, shemeji yangu, nifungulie, mtoto anakauka, nimekimbia mpaka kandambili imekatika, ndoo moja, moja tu!

— Halifunguliwi, Shemeji. Nchi iko hatarini.

Kinyozi, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, akaifungulia tena simuni ile sauti ya kutoka ng'ambo ya mpaka, iliyozagaa mtaa mzima tangu jana: "Ndugu zetu wa nchi jirani! Wakimbizi mliowapokea wametia sumu kwenye matangi yenu. Wafukuzeni kabla hamjazika watoto!"

— Umesikia? Redio akasema. "Ndugu zetu." Mtu mwenye adabu hivyo atadanganya?

— Na sumu yenyewe haiui, akasema Komando. Inalaza. Ukiamka, umeshatawaliwa.

— Kulala ni nafuu! Redio akadakia. Mimi nimetumiwa kwamba ukiinywa unaanza kupiga saluti bila kuamrishwa.

Birika, muuza kahawa, akawamiminia huku akitikisa kichwa.

— Saluti kitu gani? Binamu yangu kasema hata kuku wakiyanywa maji hayo wanataga mayai yenye vinasa sauti. Kila tunachosema hapa, wanasikia.

— Ndiyo maana yai la jana lilinikodolea macho! akasema Redio.

Wakacheka. Shemeji hakucheka.

— Jioni tunawatoa hao wakimbizi, Komando akasema. Tunaanza na yule Mama Pacha. Wahenga walinena, haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tusichelewe!

Mama Pacha alivuka mpaka na watoto wake wawili, akapanga chumba kilichopakana ukuta na cha Shemeji.

— Mama Pacha? Yule aliyenipa maji yake ya mwisho usiku, wanawe wakalala na kiu? Jamani, mimi naogopa, naogopa kuliko nyie wote, tangu hiyo sauti ifike namnusa mwanangu mdomo nikitafuta harufu ya sumu, lakini yeye kaniambia hata kwao ilianza hivihivi, sauti kwenye simu, visima vina sumu, jirani akamfukuza jirani, na mtaa ulipobaki mtupu ndipo askari wakaingia, wakayanywa maji yaleyale!

— Shemeji, vita waachie wanaume, Komando akasema. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa?

— Imeingia tu.

Komando akanyoosha kikombe aongezewe. Kahawa ikashuka, nyeusi, ikitoa mvuke. Shemeji aliitazama inavyoshuka. Akatazama dumu la Birika chini ya ubao, lingali linachuruzika.

— Birika. Maji ya hiyo kahawa umeteka wapi?

Birika akaliangalia birika lake kana kwamba litamjibia. Redio akapaliwa. Komando, ambaye alfajiri alimfungulia Birika kimyakimya, maana kijiwe bila kahawa ni ubao tu, alikuwa na funda zima mdomoni: kumeza hathubutu, kutema aibu.

— Ufunguo, Shemeji akasema.

Akauvua mwenyewe shingoni mwa Komando, kamba ikakwama sikioni, akaivuta. Akafungua kufuli. Maji yakamwagika mpaka viwikoni, akakinga kiganja akanywa yeye kwanza, mbele ya macho yao yote. Akafuta midomo, akapaza sauti kuelekea vyumbani:

— Mama Pacha! Lete ndoo! Pacha nao waje na vidumu, wapite hapahapa mbele ya kijiwe, nimwone huyo atakayewatoa!

Akaitega ndoo yake. Nyuma yake, taratibu, Komando akameza.