Mativo Nzuki, Aliyetunza Kompyuta ya Dispensari (1963–1999)

Nimeambiwa niandike mimi, tena niandike fupi, eti karatasi ya programu ya mazishi ni moja. Waliomaliza chuo wamejaa hapa, lakini kalamu imeletwa kwa mama mwenye msiba. Haya. Basi mtu asinisahihishe nikisoma.

Marehemu Mativo Nzuki alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 hapa Mwala, wilaya ya Machakos, kifungua mimba wangu na marehemu mume wangu Nzuki, mchonga vinyago. Alisoma hapa nyumbani hadi darasa la saba, kisha tukahamia Nairobi, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1981. Alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Redio ya babake aliifungua ikiwa inaimba.

Mwaka wa 1983 aliajiriwa kuwa karani wa kampuni ya uchapishaji katika Eneo la Viwanda, na huko ndiko alikojua kompyuta. Mwaka wa 1996 dispensari ya kanisa letu huko Kariobangi, Nairobi, ilipewa kompyuta kuukuu, akajitolea kuitunza. Aliiwekea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao hauna mwenyewe mmoja. Umeandikwa na watu wa nchi nyingi, na hao watu hawachoki kuurekebisha. Ndani ya mashine hiyo mna majina ya wagonjwa wa kifua kikuu na siku zao za kuchukua dawa. Asiyekuja, jina lake linatokea, na muuguzi Millicent anatuma mtu hadi mlangoni kwake. Mashine ikilala, hao wagonjwa wanapotea.

Marekebisho yakifika, marehemu hakuyapeleka dispensari moja kwa moja. Aliyaleta kwanza kwangu, mtaa wa Mowlem, kwenye mashine nyingine mbovumbovu aliyoiweka juu ya meza yangu ya cherehani. Aliiacha ikinguruma wiki nzima aone kama itaanguka, yaani izimike yenyewe. Na ilianguka!

"Mwaitu, usiizime," aliniambia. Sisi Wakamba ndivyo tunavyomwita mama.

"Na sare za kwaya nizishonee wapi? Kichwani pako?"

"Heri iharibike hapa kwako kuliko dispensari."

"Asante sana. Kwa hivyo kwangu ndiko jalalani."

"Hapa ikizimika nitapigiwa kelele tu, Mwaitu. Kule kuna mtu atakosa dawa."

Basi nikawa nashonea kwa jirani.

Tarehe 2 Desemba 1989 alifunga ndoa na Wavinya, wakajaliwa Mutheu na Muindi. Wavinya alivumilia. Majirani walimwuliza, "Bwanako bado anatengeneza mashine ileile? Kwani haiponi?" Watu wana maneno. Haikuwa mgonjwa hata kidogo, na haikuugua kwa sababu yeye hakukosa kwenda.

Mwezi wa Februari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, na Julai akalazwa. Akiwa kitandani, kamati ya dispensari, ikiongozwa na Bwana Shiundu, ilisikia redioni kwamba mwaka wa 2000 ukiingia kompyuta zitakufa. Wakatafuta diski ya marekebisho mapya, wakaiingiza papo hapo. Mpya ni mpya, walisema. Majina ya wagonjwa yakakataa kufunguka. Wakaja hospitalini na machungwa.

"Pole sana, ndugu Mativo," Bwana Shiundu alisema, hata hajakaa. "Tunakuombea. Sasa, ile mashine..."

"Mlijaribu kwa Mwaitu kwanza?"

Wakatazama machungwa.

Mgonjwa wangu aliomba ruhusa ya siku moja. Alienda Kariobangi na sindano ya dripu imefungwa mkononi kwa plasta, akairudisha mashine ilivyokuwa, kwa nakala alizokuwa ameweka. Mimi nilikaa kando yake nimefura. Bwana Shiundu akapiga makofi. "Imepona! Sasa hatuigusi tena!"

"Msipoigusa pia itaharibika, mzee, polepole," marehemu alimwambia. "Nipeni mtu nimfundishe."

Nanyi wanakamati mlisema wiki ijayo. Wiki ijayo mkasema baada ya harambee. Aliendelea kuuliza, "Wameleta mtu?" mpaka sauti ikakatika. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1999.

Ameacha mama yake, mimi Ndindi, mjane Wavinya, watoto Mutheu na Muindi, dada yake Mbeti, na wagonjwa wengi wasiomjua hata kwa sura. Mungu amlaze mahali pasipo na mtu wa kumwita kazini.

Sasa, Bwana Shiundu, na kamati yako, na wewe Millicent, nawaona hapo chini ya hema. Mashine ya kujaribia ingali kwangu, inawaka, na diski ziko juu yake. Kabla koleo la kufukia kaburi halijashikwa, nataka mmoja wenu asimame, ataje jina lake, na aseme Jumamosi atakuja kwangu saa ngapi kuishika kazi hii. Nimemaliza kusoma, lakini sikai.