Chuma Ambacho Taratibu Hakukikata

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Taratibu, aliagiza mambo mawili kuhusu wasifu wake. La kwanza, usiwe mrefu, kwa sababu watu watakuwa wamesimama juani. La pili, lisiachwe hata neno moja kati ya yale aliyoyasimulia mwezi wa saba, akiwa amelala kwenye kitanda tulichomtandikia sebuleni. Familia imejitahidi kutii yote mawili. La pili ndilo lililotunyima usingizi, na ndilo lililourefusha wasifu. Tunaomba mtuvumilie.

Alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa fundi uashi na mkewe. Alitanguliza miguu. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyo alitaka kwanza kuhakikisha kama huku chini kuna pa kukanyaga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, nayo ilikuwa hatua mia tatu kutoka nyumbani, alizihesabu. Mwaka 1967 ndoo ya shule ilitumbukia kisimani, na kwa kuwa alikuwa mwepesi kuliko wenzake, mwalimu wa hesabu alimfunga kamba kiunoni akamteremsha kuifuata. Wenzake walidhani atatoka akilia. Alitoka na ndoo, akamwambia mwalimu, "Shikamoo mwalimu, kamba hii imechakaa, itazame pima ya saba kutoka juu." Mwalimu akaivuta, akaitazama, akakaa chini kwenye ukingo wa kisima. Tangu siku hiyo alionekana mtu wa kuangalia vitu kwa makini, na sifa hiyo ilimfuata maisha yake yote. Mtaona mbele kidogo kwamba ilimfuata hata mahali isipostahili kufika. Alifika kidato cha pili, akaacha shule baba yake alipofariki, na baadaye akasoma ufundi jioni kwa miaka miwili.

Tarehe 3 Aprili 1978 aliajiriwa na kampuni ya kusafisha na kupaka rangi kuta za maghorofa. Kazi yenyewe ni ya kuning'inia. Mtu hufunga kamba juu ya paa, akashuka nje ya jengo dirisha kwa dirisha, na kinachomzuia asiporomoke ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, chenye umbo la nambari nane. Mafundi hukiita nane. Kamba hupitishwa kwenye tundu kubwa na kuzungushwa shingoni mwake, tundu dogo likafungwa kwenye mkanda wa kiunoni. Msuguano ndio breki. Mkono wa chini hushika kamba na hauachii hata nyuki wakija.

Fundi mkuu aliyempokea alikuwa mzee mkavu, mchache wa maneno. Alimpa nane ya alumini, namba 4, aliyokuwa akiitumia yeye mwenyewe, pamoja na masharti yake. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uikaushe kivulini. Ikianguka kutoka juu, usishuke nayo tena mpaka ikaguliwe. Kila Ijumaa pitisha ukucha wa kidole gumba mahali kamba inapopita, kwa kuwa kamba hubeba mchanga, na mchanga hula alumini kidogo kidogo mpaka ukachimbika mfereji wenye ukingo mkali kama kisu. "Siku ukucha ukikwama," alimwambia, "chukua msumeno uikate katikati. Usiiweke kabatini. Ikibaki nzima kuna mtu ataiokota ashuke nayo."

Marehemu alishika masharti hayo kama sala. Alikagua kila kitu mara mbili na kuwaambia wenzake "taratibu" mara nyingi hivi kwamba jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vitambulisho tu. Mwaka 1991 alikabidhiwa ufunguo wa stoo na daftari la vifaa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeumia mikononi mwake zaidi ya kuchubuka, na alijivunia hilo waziwazi. Familia pia ilijivunia.

Mke wake alimpata dirishani. Mwaka 1984 walikuwa wakisafisha jengo ambalo ghorofa yake ya tatu ilikuwa na karakana ya washonaji wa sare. Alishuka mbele ya dirisha la fundi cherehani mmoja, akalisugua, akapanda, akashuka tena. Mara ya tatu fundi cherehani alifungua dirisha.

"Kaka, kioo hiki kina kosa gani?"

"Kina doa."

"Doa liko upande wako au upande wangu?"

"Bado nachunguza, dada."

"Basi chunguza taratibu, usije ukaanguka ukasema nimekuroga."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa watoto watatu. Nyumbani alikuwa baba mpole. Alikagua hata kamba ya kuanikia nguo, na mkewe alimtania kwamba siku moja atamkuta akipitisha ukucha kwenye vijiko.

Sasa tunafika kwenye yale aliyoagiza yasiachwe.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2003, ukucha wake ulikwama kwenye nane namba 4. Aliipitisha tena, ukakwama tena. Alichukua msumeno, akaiweka nane kwenye jiriwa, akashindwa. Ilikuwa ya fundi mkuu aliyempokea kazini, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia, na yeye mwenyewe alikuwa ameshuka nayo kwa miaka ishirini na mitano. Akafungua daftari akaandika: "Namba 4, imestaafishwa, imekatwa." Kisha akaifunga kwa kitambaa akaiweka ndani kabisa ya mkoba mwekundu uliokuwa stoo. Kila Ijumaa, wenzake wakishaondoka, aliitoa akaiosha na kuing'arisha kwa kitambaa kikavu. Aliona haitamdhuru mtu, kwa kuwa kwenye maandishi haikuwepo.

Miongoni mwa wafanyakazi wenzake alikuwapo mmoja aliyeitwa Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi akishuka, na watu wa ndani ya ofisi walijua ghorofa aliyofika bila kutazama nje. Alikuwa rafiki wa marehemu na jirani. Watoto wa marehemu walimwita baba mdogo, na bado wanamwita hivyo.

Jumatatu, tarehe 8 Agosti 2005, nane ya Mluzi ilimponyoka ikaanguka kutoka ghorofa ya pili. Marehemu aliifungia ili ikaguliwe, kama ilivyo sheria. Kesho yake asubuhi, marehemu akiwa juu ya paa anafunga kamba, Mluzi aliingia stoo kutafuta nyingine. Alikuta mkoba mwekundu, akakuta kitambaa, akakuta nane inayong'aa kuliko zote. Hakuipitishia ukucha. Alieleza sababu yake hospitalini, na hakuna aliyemsikiliza: "Kitu kilichotoka mikononi mwa Taratibu nani atakikagua?"

Siku hizo walishuka kwa kamba moja, bila ya pili ya akiba. Alipofika karibu na ghorofa ya pili ukingo wa ule mfereji ulikata ganda la kamba, ganda likateleza, naye akaanguka mita sita juu ya saruji. Nyonga ilivunjika, na mfupa wa mguu wa kushoto. Marehemu, aliyekuwa ameshateremka kutoka paani, alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimshika kichwa kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alifungua nane namba 4 kwenye mkanda wa Mluzi, akaitia mfukoni mwa ovaroli, akaweka yake mahali pake. Alifanya hivyo kabla hajaita msaada. Alitutaka tuitaje saa: ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Siku ya nne Mluzi alimuuliza kitandani, "Kaka, ile nane iliyokuwa inang'aa iko wapi?"

Marehemu akajibu, "Nane gani?"

Kampuni ilifungua daftari kutafuta namba aliyoitaja Mluzi, ikasoma kwamba namba 4 ilikatwa zamani. Ikahitimisha kwamba Mluzi aliipitisha kamba vibaya, akashuka mbio, kisha akatunga hadithi. Hakurudishwa kazini. Watu wakambandika jina jipya, Haraka, na sisi nyumbani tulilitumia. Watoto wa marehemu walikatazwa kukimbia ngazini wasije wakawa "kama Haraka", na baba yao, aliyekuwapo mezani, alinyamaza. Tunaona haya kuliandika hilo kuliko yote, kwa maana hatukulifanya kwa kuambiwa. Tulilifanya kwa kucheka.

Marehemu alistaafu mwaka 2016. Kwenye sherehe alipewa cheti kilichoandikwa "Mlinzi wa Usalama". Mkewe alikitundika sebuleni, naye akakishusha kesho yake kwa kisingizio cha msumari kulegea. Kila walipokitundika kilishuka. Familia ilidhani ni unyenyekevu.

Februari 2024 alianza kuumwa tumbo, na tarehe 11 Machi madaktari waligundua saratani. Kitanda chake wodini kilikuwa karibu na dirisha, na jengo la mbele lilikuwa likisafishwa. Aliwatazama wasafishaji siku nzima. "Wana kamba mbili siku hizi," alimwambia mkewe, kisha akageukia ukutani na hakula.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alikwenda mara mbili hadi kwenye kibanda ambacho Mluzi anashonea viatu, na mara zote mbili akageuza njia. Mara ya tatu, mwezi wa tano, Mluzi alimwona kwanza.

"Taratibu! Umekonda hivi, kaka? Wanakulisha mvuke?"

"Naumwa kidogo."

"Pole. Lete kiatu basi, hukuja kunitazama sura."

Marehemu alivua viatu vyake vyeusi, akampa, akarudi nyumbani na kandambili za kuazima. Hakuwahi kuvifuata.

Julai alimwita binti yake mdogo akae karibu na kalamu. Alisimulia kwa siku tatu, kwa sababu alichoka upesi. Mkewe alisikia yote akiwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Alimuuliza jambo moja tu: "Miaka yote hii, baba watoto, ukilala unaota nini?" Alijibu kwamba haoti, anasikia mluzi ukikatika. Siku ya tatu aliomba kitambaa kilichokuwa ndani ya soksi kuukuu, kwenye kasha la vifaa vyake, na msumeno wa chuma. Mikono haikuwa na nguvu tena. Aliishika nane, binti yake akakata. Ilichukua dakika arobaini, na alikuwa akisema "taratibu" kwa mazoea, kisha akawa hasemi.

Aliaga dunia nyumbani Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Haikuwa haki Mluzi ayasikie haya kwa mara ya kwanza mbele yenu. Jumamosi, mjane na binti mdogo walikwenda kibandani wakamsomea haya yote, na nusu mbili za namba 4 wakaziweka juu ya meza yake, katikati ya gundi na misumari. Alipitisha ukucha kwenye mfereji. Ulikwama. Mteja aliyekuja alimfukuza kwa mkono.

"Miaka kumi na tisa namwambia mke wangu kwamba kamba niliipitisha sawasawa," alisema. "Na yeye ananijibu, 'Sawa, mume wangu, tumeshasikia.' Unajua 'sawa' ya namna hiyo, mwanangu?"

"Naijua, baba mdogo."

"Yasome. Yasome taratibu, wa nyuma wasikie. Nitakuja na mke wangu, nitamkalisha mbele."

Mjane akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Mluzi akainamia chini ya meza, akatoa viatu vyeusi vilivyofungwa kwenye gazeti. "Viko tayari tangu Mei. Usiandike kwamba nimemsamehe, sijafika huko. Andika kwamba viatu vilishonwa vizuri."

Vilishonwa vizuri. Soli ni mpya, mishono imebana, na ukucha haukwami popote. Marehemu amevalishwa viatu hivyo.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na dada mmoja. Daftari la vifaa kampuni ililichoma zamani, kwa hiyo neno "imekatwa" hatuna pa kulisahihisha ila hapa: haikukatwa wakati ule. Ilikatwa tarehe 24 Julai 2024. Aliyeanguka alipitisha kamba sawasawa. Jina lake ni Mluzi, na jina lile jingine tunaomba liishie hapa leo, kuanzia nyumbani kwetu.

Mungu amjalie marehemu pumziko. Na ile amani ambayo mwingine ameingojea miaka kumi na tisa, tunaomba huyo mwingine aipate kwanza.