Beringi za Pijo ya Marehemu Nthiwa

Benchi ya kijiwe cha Musyimi, pale Kabati, ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa, kimewekwa nje ya gereji yake. Wanaokaa hapo hawana magari, na ndiyo maana wanayajua magari yote. Yuko Injinia, aliyewahi kulinda mitambo ya kutengeneza barabara. Yuko Chairman, ambaye jina lake ni Ndululu, na hakuna anayekumbuka ni chairman wa nini. Jioni hiyo Kasyoka alikaa katikati yao na kahawa iliyompolea mkononi. Mumewe Nthiwa alikuwa mochari, Kitui. Kesho angeletwa nyumbani azikwe, na Chairman, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameamua mbele ya ukoo kwamba Nthiwa atarudi ndani ya Pijo yake mwenyewe, ile pikapu kuukuu aliyoipenda kuliko watu, na mwanawe wa kwanza, Mbuvi, ndiye ataiendesha. Gari lilikuwa limesimama tangu Nthiwa augue. Walipoliondoa, gurudumu la mbele la kushoto lilinguruma kama mashine ya posho ikisaga mawe. Musyimi alipiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa, likacheza. Beringi alizotoa zilikuwa zimegeuka bluu kwa moto, vile vyuma vidogo vinavyozunguka vimeliwa vidonda. Akaweka mpya. Sasa Mbuvi alikuwa amelijaribu hadi sokoni na kurudi, na Kasyoka alikuwa ameinuka kugusa katikati ya gurudumu. Aliondoa kidole haraka.

— Linachoma, alisema. La kulia ni baridi.

— Hiyo ni jua, Mama Mbuvi, alisema Injinia. Jua linashukia upande wa kushoto.

— Gari limegeuzwa, Injinia. Jua liko kulia.

Injinia alikunywa kidogo, akafikiri.

— Basi ni grisi. Grisi mpya lazima ichemke kwanza ndio ijue njia.

— Kwani ni uji?

Kando ya jeki, Kasyoka aliona pete mbili za chuma, bado zinang'aa ndani ya karatasi yake.

— Musyimi, hizi ni za nini?

— Ni vikombe, mama. Beringi huja na kikombe chake, inazunguka ndani yake.

— Na mbona viko chini?

— Vile vya zamani vilikataa kutoka. Nimegonga mpaka mpini wa nyundo ukapasuka. Nikaviacha tu. Vimekaa na hilo gari tangu kiwandani, vimezoeana.

— Vimeliwa?

— Kidogo. Lakini nati nimekaza mpaka mwisho. Shika hapo uone kama kunacheza.

Musyimi aliliinua tena kwa jeki, Kasyoka akalishika. Kweli halikucheza. Alijaribu kulizungusha kwa mikono miwili, likaenda robo, likasimama kama punda aliyekataa kazi.

— Halizunguki pia.

— Ni geni, alisema Musyimi. Litalegea njiani.

— Litalegea wapi njiani? Kwa ule mteremko wa kutoka Kitui?

Chairman alisafisha koo. Yeye husafisha koo kabla ya kuamua mambo ya watu.

— Shemeji, hili gari lina majonzi. Pijo si kama hizi Probox. Pijo inajua mwenyewe. Ile ya mwalimu Kitheka ilikataa kuwaka wiki nzima baada ya mazishi yake.

— Iliibiwa betri, baba mkubwa, alisema Mbuvi kutoka kiti cha dereva.

— Na kwa nini iibiwe wiki hiyo?

Hapo Injinia akapata nguvu.

— Hata hiyo joto, mkifikiria vizuri, ni yeye. Nthiwa alikuwa mtu wa mikono moto. Alikuwa akikusalimia unasikia.

— Si ndiyo hiyo, alisema Chairman. Likishambeba mwenyewe, litapoa na kelele iishe.

Kasyoka aliwatazama wote wawili. Hakuwa amelala tangu Jumanne, na hasira ilikuwa kazi nyingine ambayo hangeiweza.

— Nthiwa ameuawa na ini, alisema. Sijapata nafasi hata ya kumlia. Gurudumu likishika kule mteremkoni, nitakuwa na wawili wa kuzika.

— Usiite msiba, shemeji, alisema Chairman. Ukoo umeshasema. Hata watu wenu wa Kalamba wameambiwa wataona Pijo.

Ndipo Ndeti alipofika, jirani yake Kasyoka, amepakaa unga hadi viwikoni.

— Hamjambo hapa. Nimetumwa na wamama wa jikoni. Tunapika chapati za watu wa safari sasa, kesho hakutakuwa na nafasi. Ni wangapi watarudi kwa hii Pijo na mwili?

Injinia aliangalia ndani ya kikombe chake.

— Mimi mgongo wangu unajulikana, alisema.

— Chairman?

— Mimi natangulia Kitui na bodaboda. Lazima mtu mzima aongee na watu wa mochari mapema.

— Hiyo ni kwenda. Nauliza kurudi.

Chairman alisafisha koo, na safari hii hakuna kilichofuata. Musyimi alichukua kitambaa, akaanza kupangusa spana iliyokuwa safi. Ndeti alingoja, akidhani labda wanahesabu.

— Niko mimi, alisema Mbuvi.

— Mmoja. Na wengine?

Kasyoka alienda hadi mlango wa dereva, akaufungua.

— Shuka, mwanangu. Nipe ufunguo.

— Shemeji, ukoo… alianza Chairman.

— Ndeti, ukirudi pitia kwa pasta. Mwambie tunaomba lori la kanisa.

Alifunga ufunguo kwenye ncha ya leso, akakaza fundo kwa meno. Chairman aliinuka aseme neno. Alilitazama lile gurudumu, akakaa.