Kiti cha Torkild Overgaard

Torkild Overgaard alizaliwa Hurup, huko Thy, tarehe 11 Novemba 1943, mtoto wa pekee wa Aksel na Dagny, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Siku moja ndama walitenganishwa na mama zao. Ng'ombe wakalia mchana kutwa, naye akalia nao. Baba yake akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Hawafikirii kitu hao." Maneno hayo hayakumtoka tena.

Alisoma Thisted, kisha falsafa huko Aarhus, alikofundisha chuo kikuu hadi 2010. Fundisho lake lilikuwa moja, na aliling'ang'ania kama ruba: asiye na maneno hana hoja, na asiye na hoja hafikiri. Wanyama wana mazoea tu.

Tarehe 6 Juni 1970 alimwoa Sidsel, daktari wa mifugo, na ubishi ukahamia nyumbani. Mbwa wao, Pjevs, alipenda kiti cha Torkild kando ya jiko la kuni. Akikikuta kimekaliwa, hukimbilia mlangoni akabweka kana kwamba kuna mgeni. Torkild akiinuka kufungua, Pjevs kitini!

"Mazoea tu hayo," Torkild alisema.

"Haya, profesa," Sidsel akamjibu. "Leo umeinuka mara tatu. Mwenye mazoea hapo nani?"

Pjevs alipokufa, Torkild alimzika bustanini kwa mikono yake, akarudi ndani na msimamo uleule.

Machi 2022 alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakampotea yote, ya kusema na ya kuandika. Ukimwuliza jambo, alitazama dirishani tu. Sisi jamaa tukaanza kumzungumzia mbele yake kama vile hayupo. Sidsel alivunjika moyo, kwani kwa fundisho la Torkild mwenyewe, mumewe alikuwa ameshaondoka.

"Nionyeshe kama umo," alimsihi. "Hata kwa kunikasirikia."

Binti yao, Bodil, alimwambia, "Mama, usijitese. Baba hayupo tena."

Jumapili moja ya Septemba Sidsel alikaa kwenye kile kiti akimenya viazi, amempa mumewe mgongo. Akasikia kama mlango unagongwa. Alitoka, akafungua mlango, hakuona mtu. Aliporudi, Torkild alikuwa kitini. Alikuwa amegonga ukuta kwa fimbo yake, kisha akajikokota. Machozi yalimtiririka, na nusu ya mdomo wake ilicheka.

"Kumbe umo!" Sidsel alilia. "Kumbe siku zote hizi umo!"

Alifurahi, kisha akaumia, akikumbuka kila neno lililosemwa mbele ya mumewe.

Kiharusi cha pili kilimchukua nyumbani, tarehe 2 Oktoba. Ameacha mjane, Sidsel, binti, Bodil, na mjukuu mmoja, Asger. Waleta rambirambi wamebisha hodi wiki nzima. Kila akienda kufungua, Sidsel hugeuka kwanza kukitazama kiti.

Mungu ampe pumziko, na yeye atusamehe tuliyoyasema akitusikia.